Paka wa Siam: Rangi Zake na Kanuni Zake

1. Paka mwenye uso mweusi

Watoto, paka mnawajua wote. Yuko paka mweusi, yuko mweupe, yuko wa kijivu, yuko mwenye milia na mwenye mabaka. Mchana hulala karibu na jiko, usiku hukamata panya ghalani. Rangi yake haitusumbui. Mradi panya wapungue, twaridhika.

Lakini yuko paka mmoja ambaye rangi yake imewasumbua watu wengi wenye elimu, nao wameandika vitabu juu yake. Ndiye paka wa Siam. Tumtazame vizuri. Mwili wake ni mweupe, lakini si mweupe kama chokaa. Ni kama maziwa yenye mafuta. Uso wake ni mweusi, kana kwamba alitia kichwa katika chungu chenye masizi. Masikio yake ni meusi. Miguu yake yote minne ni myeusi. Mkia wake ni mweusi tangu shina hata mwisho. Tena katikati ya uso ule mweusi yanang'aa macho mawili ya buluu, kama anga baada ya mvua.

Zile sehemu nyeusi zina jina lake. Huitwa ncha, maana ndizo sehemu za mwisho za mwili: uso, masikio, miguu na mkia. Likumbukeni neno hili, tutalitumia mara nyingi.

Mtu akimwona paka huyo, maulizo mawili humjia. La kwanza: Nani aliyempaka rangi katika ncha zake, akauacha mwili mweupe? La pili: Nani aliyeamua kwamba paka huyu ni Siam mzuri, na yule mwingine hafai? Ulizo la kwanza hujibiwa na mwili wa paka wenyewe. Ulizo la pili hujibiwa na watu. Majibu haya mawili si mamoja, na katika somo hili tutajifunza kuyatenga.

2. Nchi alikotoka

Siam ni jina la zamani la nchi ya Thailand, iliyo upande wa mashariki, katika bara la Asia. Jina lilibadilishwa mwaka 1939. Ni nchi ya joto, yenye mito na mashamba mengi ya mpunga, na mji wake mkubwa ni Bangkok.

Watu wa Siam walimjua paka huyu tangu zamani. Walikuwa na vitabu vya paka, vilivyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa picha. Ndani yake waliandika kwa mashairi habari za paka waletao baraka nyumbani na paka waletao mkosi. Mmoja wa paka wa baraka ni huyu mweupe mwenye ncha nyeusi. Nakala zilizoandikwa katika karne ya 19 zimehifadhiwa hata leo. Katika lugha ya nchi ile jina lake ni Wichienmaat.

Watu wa Ulaya walichelewa kumjua. Tarehe 13 Julai 1871 palifanyika maonyesho makubwa ya paka London, katika jumba la vioo lililoitwa Crystal Palace. Aliyeyatengeneza alikuwa Harrison Weir, mchoraji wa picha za wanyama. Paka wa Siam walionyeshwa pale. Wengine waliwashangilia, wengine waliwachukia kabisa, maana walikuwa hawajaona paka wa namna ile.

Mwaka 1878 konsuli wa Marekani katika Bangkok, David Sickels, alimtuma paka wa Siam kwa Lucy Hayes, mke wa Rais Rutherford Hayes. Paka alisafiri katika meli, akafika mwanzo wa mwaka 1879. Walimwita Siam, kwa jina la nchi yake. Lakini hakuishi sana: mwaka huohuo aliugua, akafa.

Mwaka 1884 paka wawili, dume na jike, walipelekwa Uingereza kutoka Bangkok. Majina yao yalikuwa Pho na Mia. Walikuwa zawadi ya konsuli wa Uingereza, Bwana Gould, kwa dada yake Lilian. Wakazaa watoto watatu, nao wote walionyeshwa katika Crystal Palace mwaka 1885. Watoto wale walikufa upesi baada ya maonyesho. Mwaona: kuishi mbali na nchi ya kuzaliwa hakukuwa jambo rahisi kwa paka wale wa kwanza. Walakini watu waliendelea kuwafuga, na mwaka 1901 wapenda paka wa Uingereza wakaunda chama cha paka wa Siam. Bibi Lilian alikuwa mmoja wao.

3. Rangi iletwayo na baridi

Sasa tujibu ulizo la kwanza. Nani alipaka ncha rangi nyeusi?

Jibu litawashangaza: ni baridi.

Rangi ya manyoya hutengenezwa ndani ya ngozi, pale unywele unapoota. Panahitajiwa fundi wa kuitengeneza. Fundi huyo ni mdogo sana, hata macho hayawezi kumwona. Wataalamu humwita kimeng'enya. Katika paka mweusi wa kawaida fundi hufanya kazi mahali pote, tumboni na mgongoni, kichwani na mkiani. Kwa hiyo paka ni mweusi pia.

Katika paka wa Siam fundi ana kasoro. Hawezi kuvumilia joto. Mahali penye joto hulegea, wala hafanyi kazi, na manyoya huota meupe. Mahali penye ubaridi hupata nguvu, hutengeneza rangi, na manyoya huota meusi.

Fikirini sasa habari za mwili. Joto la paka mzima ni kadiri ya digrii 38 au 39, kupita joto letu kidogo. Lakini joto hilo si sawa mahali pote. Kifua na tumbo vina joto jingi, maana moyo na ini na matumbo vimo humo. Masikio ni membamba, upepo huyapoza. Miguu hukanyaga chini. Mkia uko mbali na moyo. Pua hupozwa na pumzi iingiayo na kutoka. Shikeni masikio yenu asubuhi penye baridi, kisha shikeni kwapa. Je, joto ni moja? Hapana. Basi ndivyo ilivyo kwa paka. Zile sehemu zilizo baridi ndizo ncha, na ncha ndizo nyeusi. Rangi ya paka wa Siam ni kama ramani ya joto la mwili wake.

Mtasema: Tutajuaje kama ni kweli? Ushahidi uko, nao ni mwingi.

Ushahidi wa kwanza ni watoto wa paka. Mtoto wa Siam huzaliwa mweupe mwili mzima, bila ncha hata moja. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya tumbo la mama yake joto ni moja mahali pote, na fundi hakupata nafasi ya kufanya kazi. Akiisha kuzaliwa, upepo humpata masikioni, puani, miguuni na mkiani. Baada ya siku chache rangi huanza kuonekana ukingoni mwa masikio, kisha huenea polepole, juma kwa juma, mpaka ncha zote zimekolea.

Ushahidi wa pili ni majaribio. Mwaka 1930 wataalamu wa Urusi walioitwa Iljin walitangaza kazi yao. Walinyoa manyoya meupe ya paka wa Siam, wakamkalisha katika baridi. Mahali palipokuwa peupe paliota manyoya meusi. Tena waliona kwamba mahali pakitiwa joto, manyoya huota meupe.

Ushahidi wa tatu huonekana kwa daktari wa wanyama. Paka wa Siam akipasuliwa tumbo, hunyolewa kwanza. Ngozi ikikaa wazi hupoa, na mara nyingi manyoya mapya huota meusi. Mwenye paka huogopa, asema: Mmemharibu paka wangu! Lakini manyoya yale yakianguka kwa wakati wake, mengine huota meupe kama zamani, maana ngozi imekwisha kufunikwa tena.

Hata homa huandika alama. Paka akiwa na homa kwa siku nyingi, ncha zake huweza kuota nywele nyeupe-nyeupe. Vilevile Siam akaaye nchi ya baridi huwa mweusi zaidi kuliko ndugu yake akaaye nchi ya joto. Na paka akizeeka, mwili wake hupata rangi zaidi mwaka kwa mwaka.

Na macho ya buluu je? Hayo pia ni kazi ya fundi yuleyule, au tuseme ni uvivu wake. Katika jicho la Siam hamna rangi ya kahawia wala ya manjano. Buluu ile si wino uliotiwa ndani. Ni mwanga wenyewe unaotawanyika, kama vile anga lionekanavyo buluu ijapokuwa hakuna aliyelipaka. Usiku mkimmulika paka wa kawaida kwa taa, macho yake hung'aa kijani au manjano. Mkimmulika Siam, macho yake hung'aa mekundu.

4. Rangi zinavyorithiwa

Wazee husema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, mtoto wa paka wa Siam ni Siam?

Baba na mama wakiwa Siam wote wawili, ndiyo. Watoto wote watakuwa na ncha. Lakini mkimzalisha Siam na paka mweusi wa ukoo ambao haujachanganyika na Siam, watoto wote watakuwa bila ncha. Rangi ya Siam imepotea? Hapana, imejificha. Mkiwazalisha watoto hao wao kwa wao, wajukuu wataonyesha jambo la ajabu: katika kila wanne, kwa kadiri, mmoja atakuwa na uso mweusi na mwili mweupe kama babu yake.

Aliyegundua kanuni hii kwanza hakuwa mfugaji wa paka. Alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel, aliyeishi katika monasteri ya Brno. Alipanda njegere shambani mwa monasteri, akahesabu mbegu zake kwa uvumilivu, miaka mingi. Mwaka 1865 aliwasomea wenzake matokeo ya kazi yake, na mwaka 1866 yakapigwa chapa. Watu wa siku zile hawakumjali. Alikufa mwaka 1884, na sifa yake ikaja baadaye.

Mendel alifundisha hivi: kila mtoto hupokea chembe mbili za urithi kwa kila jambo, moja kwa baba, moja kwa mama. Chembe nyingine ni zenye nguvu, huonekana hata zikiwa peke yake. Nyingine ni nyonge, hazionekani ila zikiwa mbili. Chembe ya ncha za Siam ni nyonge. Paka mwenye moja tu huichukua kwa siri. Mwenye mbili huionyesha. Mwaka 2005 wataalamu waliiona chembe yenyewe, wakajua ni mahali gani imetofautiana na chembe ya paka wengine.

Shikeni sana jambo hili la chembe inayojificha. Litarudi mwisho wa somo, nalo litakuwa jambo zito.

5. Rangi nne za ncha

Mpaka sasa tumesema ncha ni nyeusi. Lakini si Siam wote walio hivyo. Rangi za zamani za ncha ni nne.

Ya kwanza ni kahawia iliyoiva sana, karibu na weusi. Paka wengi waliopelekwa Ulaya kwanza walikuwa na rangi hii. Mwili wao ni wa maziwa yenye mafuta.

Ya pili huitwa buluu, lakini ninyi mngesema kijivu, kama majivu baridi ya kuni. Mwili ni mweupe wenye ubaridi, kama wingu.

Ya tatu ni chokoleti. Ni kahawia isiyoiva sana, kama maziwa yaliyochanganywa na kakao. Mwili ni mweupe kama pembe ya ndovu.

Ya nne huitwa lila. Ni kijivu chepesi chenye wekundu kidogo ndani yake. Mwili ni mweupe kabisa.

Kanuni ya Mendel yatawala hapa pia. Buluu ni rangi nyeusi iliyofifishwa na chembe nyonge. Chokoleti hutoka kwa chembe nyonge nyingine. Na paka aliyepokea nyonge za namna zote mbili, mbili kwa baba na mbili kwa mama, huwa lila. Ndiyo sababu lila alikuwa adimu zamani.

6. Kanuni za watu

Sasa tuje kwa ulizo la pili. Nani aamuaye kwamba Siam ni mzuri?

Katika maonyesho, paka huletwa mbele ya mwamuzi. Mwamuzi haamui kwa moyo wake tu. Anayo kanuni iliyoandikwa na chama, nayo yaeleza Siam kamili awe namna gani. Kwa kanuni za leo, mwili uwe mrefu na mwembamba, lakini wenye nguvu. Miguu iwe mirefu na myembamba. Mkia uwe mrefu, uchongoke mpaka ncha yake. Kichwa kiwe kama kabari: tangu pua hata masikio, mistari miwili iliyonyoka. Masikio yawe makubwa. Macho yawe na umbo la lozi, yakae mshazari, na buluu yake iwe imekolea. Manyoya yawe mafupi, laini, yaliyolala juu ya mwili. Ncha zote ziwe na rangi moja, na mwili usiwe na mabaka.

Chama kiitwacho CFA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1906, hugawa alama 100 hivi:

Mwili: 30
Rangi: 30
Kichwa: 20
Macho: 10
Manyoya: 10

Zile alama 30 za rangi hugawanywa tena: 10 kwa rangi ya mwili, 10 kwa rangi ya ncha, 10 kwa buluu ya macho. Hivyo paka mwenye rangi nzuri mno, lakini mwenye mwili mnene na kichwa cha mviringo, hawezi kushinda. Hesabuni ninyi wenyewe.

7. Kanuni zabadilika

Sikilizeni habari hii. Mwaka 1896 paka wa Siam mwenye ncha za buluu aliletwa katika maonyesho Uingereza. Mwamuzi alikuwa Louis Wain, mchoraji aliyejulikana sana kwa picha za paka. Alimtazama, akamkataa. Kwake Siam wa kweli alikuwa yule mwenye ncha za kahawia tu. Je, paka yule alikuwa na kosa gani? Hakuwa na kosa. Alizaliwa na chembe zake, kama wengine walivyozaliwa na zao.

Miaka ikapita. CFA ilikubali buluu mwaka 1934, na chama kikuu cha Uingereza, GCCF, mwaka 1936. Chokoleti ilikubaliwa Uingereza mwaka 1950 na CFA mwaka 1952. Lila ilikubaliwa na CFA mwaka 1955 na Uingereza mwaka 1960. Paka hawakubadilika siku ile walipokubaliwa. Kilichobadilika ni karatasi.

Hata leo vyama havipatani vyote. Wafugaji wengine waliingiza rangi nyingine katika ncha, kama nyekundu na milia. GCCF ya Uingereza ilikubali mwaka 1966 kuwaita paka hao Siam. CFA ya Marekani ilikataa, ikawapa jina jingine. Basi paka mmoja akivuka bahari, anatoka Siam, anafika si Siam! Na yeye mwenyewe hana habari. Anataka samaki wake tu.

Tazameni na mikia. Paka wengi waliotoka Siam zamani walikuwa na mkia wenye kifundo kama kidole kilichopindika, na wengi walikuwa na makengeza. Watu walisimulia hadithi kwamba binti wa mfalme alikwenda kuoga, akavika pete zake katika mkia wa paka. Paka akaukunja mkia, pete zisipotee. Hadithi ni tamu, lakini kifundo hutoka kwa urithi wa mifupa. Makengeza nayo yana sababu yake: kazi ya fundi wa rangi ikipungua, mishipa itokayo machoni huingia ubongoni kwa njia isiyo ya kawaida. Zamani wafugaji wengine waliona kifundo kuwa alama ya Siam halisi. Leo waamuzi huhesabu kifundo na makengeza kuwa makosa, na wafugaji wameyapunguza sana.

Kubwa kuliko yote ni umbo. Siam wa zamani hakuwa mwembamba kama wa leo. Picha za zamani zatuonyesha paka mwenye mwili wa kadiri na kichwa chenye mviringo. Tangu miaka ya 1950 waamuzi walianza kuwapenda wembamba, na wafugaji wakafuata waamuzi. Mwaka huu mwembamba alishinda, mwaka wa pili mwembamba zaidi. Kufika miaka ya 1980, Siam wa umbo la zamani alikuwa karibu kutoweka katika meza za maonyesho. Hakufa, alikaa majumbani kwa watu waliompenda bila kujali zawadi. Watu hao walimtunza. Baadaye chama kingine, TICA, kilikubali umbo lile la zamani liwe ukoo wake wenyewe, kwa jina la Thai, na mwaka 2010 likaruhusiwa kushindania ubingwa. Hivyo paka wa zamani alirudi mezani, lakini kwa jina jipya, maana jina lake la kwanza lilikuwa limekwisha kuchukuliwa.

8. Jambo lisiloonekana mezani

Sasa turudi kwa chembe inayojificha.

Katika ukoo wa Siam uko ugonjwa wa macho. Mtoto wa paka huzaliwa akiona vizuri. Hukua, hucheza, huruka. Kisha, mwaka kwa mwaka, macho yake hufifia kwa ndani, na mwisho huwa kipofu. Kwa nje macho ni mazuri vilevile, ya buluu iliyokolea. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba wameipata chembe iletayo ugonjwa huu. Ni chembe nyonge, sawa na ile ya ncha. Mwenye moja huona vizuri maisha yake yote. Mwenye mbili hupofuka.

Fikirini sasa. Dume ni bingwa, amepata alama nyingi. Jike ni bingwa vilevile. Kila mmoja ana chembe moja ya upofu, imejificha. Mwamuzi huwapima kichwa, huwapima mkia, huyasifu macho yao na kuyapa alama 10 kwa buluu. Haoni kitu kibaya, maana hakionekani. Wakizaa, katika watoto wanne, kwa kadiri, mmoja atapofuka. Katika zile alama 100, hakuna hata moja iliyowekwa kwa chembe hii.

Je, hakuna dawa? Ya kumponya aliyepokea chembe mbili haijapatikana. Lakini njia ya kuzuia iko. Siku hizi mfugaji huweza kupangusa ndani ya shavu la paka kwa kijiti chenye pamba, akakituma kupimwa. Akiambiwa kwamba paka anayo chembe moja, asimzalishe na mwingine mwenye chembe ileile. Amwoze aliye safi. Hapo hakuna mtoto hata mmoja atakayepofuka. Kazi hii haimpi mfugaji kikombe wala utepe, lakini paka wataona.

9. Tuliyojifunza

Rangi ya Siam hutoka kwa fundi asiyevumilia joto. Hiyo ni kanuni ya mwili. Ilikuwa kweli siku za vitabu vya mkono vya Siam, ni kweli leo, wala mwamuzi hawezi kuibadilisha. Lakini rangi ipi ipewe zawadi, kichwa kiwe cha mviringo au cha kabari, nani aitwe Siam na nani aitwe kwa jina jingine: hizo ni kanuni za watu. Watu waliziandika, watu wamezibadilisha, na watu waweza kuzitengeneza tena.

Mtu akiwaambia kwamba mnyama fulani hafai, mwulizeni kwanza: Hafai kwa kanuni ipi? Kama ni mgonjwa, atunzwe. Kama ni tofauti na karatasi tu, paka wa buluu wa mwaka 1896 awakumbushe.

Maneno

Ncha: uso, masikio, miguu na mkia wa paka.
Kimeng'enya: kitu kidogo sana cha mwilini kifanyacho kazi maalumu, kama kutengeneza rangi.
Chembe ya urithi: kitu ambacho mtoto hupokea kwa wazazi, kinachoamua umbo na rangi yake.
Makengeza: macho yasiyotazama upande mmoja.
Kabari: kipande cha mti au chuma kilichochongoka, cha kupasulia kuni.

Maulizo

1. Taja ncha zote za paka wa Siam.
2. Kwa nini mtoto wa Siam huzaliwa mweupe mwili mzima?
3. Paka wa Siam amenyolewa tumbo na daktari. Manyoya mapya ni meusi. Mweleze mwenye paka sababu, na mwambie kama yatabaki hivyo.
4. Paka wa Siam alizaa na paka mweusi asiye na chembe ya Siam. Watoto watakuwa namna gani? Na wajukuu?
5. Paka mmoja alipata katika maonyesho ya CFA alama hizi: mwili 22, rangi 27, kichwa 13, macho 9, manyoya 8. Jumla ni ngapi? Amepoteza alama nyingi zaidi katika jambo gani?
6. Andika mambo mawili ambayo ni kanuni za mwili, na mambo mawili ambayo ni kanuni za watu.
7. Mfugaji ana dume bingwa mwenye chembe moja ya upofu. Afanye nini kabla ya kumzalisha? Toa sababu.